Mwongozo Kamili wa Kuhifadhi Mradi wa Video, Muziki au Picha Ili Ufunguke Tena Kwenye Kompyuta Nyingine

Wahariri wa video, wapiga picha na watayarishaji wa muziki wa hapa Dar es Salaam huniletea tatizo moja mara nyingi kuliko mengine yote, ingawa kila mmoja hulieleza kwa maneno yake. Mtu amehariri harusi kwa wiki mbili nyumbani Tabata, amenakili faili la mradi kwenye flashi, amepanda daladala hadi studio ya rafiki yake Sinza ili atumie kompyuta yenye nguvu zaidi, na alipolifungua faili lile akakuta skrini nyekundu mahali pa kila klipu. Mtu huyu alikuwa amehifadhi kazi yake, tena kila baada ya dakika chache, lakini alipofika Sinza hakuwa na kazi mkononi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Ufuate kwa mpangilio, kwa sababu kila hatua inaegemea iliyotangulia, na usiiruke hatua ya 7 hata kama umechoka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Diski mbili za nje, kila moja ikiwa na nafasi isiyopungua mara mbili ya kazi yako kubwa kuliko zote. Zikiwa za sumaku zinatosha kwa nakala; diski ya SSD, yaani ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, ibaki kwa kazi unayoihariri sasa.
- UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme kwa muda ukikatika, ikiwa unatumia kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika wakati programu inaandika faili, faili hilo linaweza kubaki nusu na lisifunguke tena.
- Akaunti ya hifadhi ya mtandaoni. Google Drive hutoa GB 15 bila malipo, nazo zinatosha kwa matumizi nitakayoyaeleza.
- Kompyuta ya pili, hata ya kuazima kwa saa moja, kwa ajili ya majaribio.
- Daftari la kuandika nakala ipi iko wapi.

Flashi sikuiweka kwenye orodha kwa makusudi, kwa kuwa ni chombo cha kusafirishia na hakifai kutunzia kazi. Tena flashi inayouzwa kwa bei ya chini mno huku imeandikwa TB 2 mara nyingi ni bandia: ina nafasi ndogo, lakini imerekebishwa ili iionyeshe kompyuta namba kubwa, na ukishapita nafasi yake halisi inaendelea kupokea mafaili huku ikiyaharibu kimyakimya. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi au kadi yote kisha huisoma upya na kukwambia ukweli. Iendeshe siku ile ile unaponunua, wakati risiti bado iko mfukoni.

Diski mpya iandaliwe kwa mfumo wa exFAT, ambao husomeka na kuandikika kwenye Windows na Mac. Mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili moja linalofikia GB 4, na klipu ndefu za 4K hupita hapo kwa urahisi. Kumbuka kwamba kuiandaa diski upya hufuta kila kitu kilichomo.

Hatua ya 1: Tambua faili lako la mradi limebeba nini

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Faili la mradi la Adobe Premiere Pro, programu ya kuhariri video, lile linaloishia na .prproj, halina video ndani yake. Lina orodha ya maagizo: chukua klipu fulani iliyo kwenye diski fulani ndani ya folda fulani, anzia sekunde ya 12, kata sekunde ya 19, ongeza mwanga, weka muziki chini yake. Ndiyo maana faili la harusi nzima linaweza kuwa na MB chache tu huku klipu zake zikijaza mamia ya GB. Ukilibeba faili hilo peke yake umebeba anwani za nyumba, na nyumba zenyewe umeziacha Tabata.

After Effects, ya vionjo vya video, hufanya vivyo hivyo. FL Studio na Ableton Live, programu za kutengeneza muziki, pia, isipokuwa vinavyoachwa nyuma huko ni sampuli za sauti na rekodi za waimbaji.

Photoshop ni tofauti. Faili la PSD hubeba tabaka zake zote ndani, na kwa kawaida huweza kusafiri peke yake, ila kama umeingiza picha kwa njia ya kuiunganisha kutoka nje. Lina ukomo wa GB 2. Kazi ikizidi hapo, kama vile bango kubwa la barabarani lenye tabaka nyingi, ihifadhi kwa muundo wa PSB. Illustrator iko katikati: picha iliyopachikwa husafiri na faili, iliyounganishwa tu haisafiri.

Kwa DaVinci Resolve kosa linageuka upande wa pili. Programu hii kwa kawaida huweka miradi ndani ya maktaba yake yenyewe, si kama faili kwenye folda yako, kwa hiyo mtu anaweza kunakili folda yote ya kazi, klipu zote zikawemo, na asiwe amenakili hata sekunde moja ya uhariri wake. Lazima autoe mradi kutoka maktabani, kama nitakavyoeleza kwenye hatua ya 5.

Wanaohariri kwa CapCut kwenye simu nao wajue kwamba rasimu zao zinakaa ndani ya programu hiyo kwenye simu ile ile. Ukiifuta programu au ukifuta data zake ili kupata nafasi, rasimu zimekwenda.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kumweleza mtu mwingine, bila kutazama popote, mafaili yote ambayo mradi wako unayategemea yako kwenye diski ipi na folda ipi.

Hatua ya 2: Jenga folda moja kabla ya kuingiza chochote

Unda folda yenye tarehe na jina la kazi, mfano 2025-06-14_Harusi_Mbezi. Tarehe ikianza na mwaka, folda zako hujipanga zenyewe kwa mfuatano. Ndani yake weka folda ndogo: Mradi, Klipu, Sauti, Muziki, Picha, Fonti na Matokeo. Tumia herufi za kawaida, namba na mstari wa chini tu, kwa sababu alama kama mkwaju na nukta mbili haziruhusiwi kwenye majina ya mafaili ya Windows.

Kisha ingiza kila kitu ndani ya folda hiyo kwanza, na kutoka hapo ndipo ukiite kwenye programu. Usivute klipu moja kwa moja kutoka kwenye memori kadi, wala nembo ya mteja kutoka folda ya vitu vilivyopakuliwa, wala wimbo kutoka WhatsApp. Programu itaipokea bila kusema neno na kuandika anwani ya mahali ilipoitoa. Siku utakayoirudisha kadi kwa mwenyewe, anwani hiyo itakuwa inaelekeza mahali patupu.

Wanaotumia Windows wana shida moja ya ziada. Diski ya nje inayoitwa D leo inaweza kuitwa E kesho kwa sababu tu umechomeka kifaa kingine kwanza, na hapo anwani zote hubadilika kwa mara moja. Fungua Disk Management, uipe diski yako ya kazi herufi iliyo mbali, kama R, nayo itaendelea kuitwa hivyo kwenye kompyuta ile.

Hatua ya 3: Washa uhifadhi wa kujiendesha, na uelewe mipaka yake

Kwenye Premiere Pro fungua "Preferences", kisha "Auto Save". Weka dakika 5. Halafu tazama idadi ya matoleo yanayotunzwa, kwa sababu ndiyo inayosahaulika: ukiweka dakika 5 na matoleo 20, unafunika dakika 100 tu za kazi, na baada ya hapo toleo la zamani kabisa linafutwa ili kupisha jipya. Ukigundua saa nane mchana kwamba asubuhi ulifuta sehemu ya viapo, toleo lililokuwa nayo halipo tena. Weka matoleo 50, ambayo hufunika zaidi ya saa 4. Mafaili haya ni madogo na hayatakumalizia nafasi. Utayakuta kwenye folda iitwayo Adobe Premiere Pro Auto-Save, kando ya faili la mradi.

Photoshop hufanya jambo jingine kabisa, na kutolijua kumewaliza wengi. Yenyewe huandika taarifa za uokoaji kila baada ya dakika 10 usipobadilisha, nazo husaidia pale tu programu inapoanguka au umeme unapokatika. Ukiifunga programu kwa kawaida na ukajibu kwamba hutaki kuhifadhi, taarifa hizo hufutwa na hakuna pa kuzifuata. Nenda "File Handling" uweke dakika 5, lakini endelea kubonyeza Ctrl na S kwa mkono wako.

Blender, programu ya picha za 3D, huweka toleo la dharura kila dakika 2 katika folda ya muda ya kompyuta. Zaidi ya hapo, kila unapohifadhi, toleo lililotangulia hubadilishwa jina likaishia na .blend1, nalo ukilibadilisha jina tena kuwa .blend hufunguka kama kawaida. Ableton Live hutunza matoleo 10 ya karibuni katika folda iitwayo Backup ndani ya mradi. DaVinci Resolve ina "Live Save" na "Project Backups" katika mipangilio ya mtumiaji. Hakikisha zote mbili zimewashwa. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, haina uhifadhi wa kujiendesha wa kila baada ya muda, kwa hiyo mtumiaji wake ategemee vidole vyake.

Onyo kubwa: matoleo haya mara nyingi yanakaa kwenye diski ile ile yenye mradi. Yanakulinda dhidi ya kosa lako na dhidi ya programu kuanguka, lakini hayakulindi dhidi ya mwizi, maji wala diski kufa.

Hatua ya 4: Hifadhi kwa matoleo yenye namba

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi, tumia "Save As" na uongeze namba: Harusi_Mbezi_v01, v02, v03. After Effects ina amri ya "Increment and Save" inayoifanya kazi hii kwa pigo moja.

Sababu yake ni kwamba faili likiharibika ndani, huenda likaendelea kufunguka kwa siku mbili kabla halijagoma, na nakala zote ulizochukua katika siku hizo zitakuwa zimebeba uharibifu ule ule. Toleo la juzi lenye jina lake lenyewe ndilo litakalokuokoa. Usiyaite matoleo "mwisho" au "mwisho kabisa". Mteja akirudi na marekebisho, hutajua lipi ni lipi.

Hatua ya 5: Kusanya vyote vinavyohusika

Kazi ikimalizika, au kabla ya kuihamisha, iambie programu yenyewe ikusanye kila kinachotumika.

Kwenye Premiere Pro nenda "File", kisha "Project Manager", na uchague "Collect Files and Copy to New Location". Chaguo la pili lenye neno "Transcode" huziandika klipu upya kwa muundo mwingine, huchukua muda mrefu, na kwa nakala ya akiba halihitajiki. Ikiwa mteja anaweza kurudi kuomba sehemu ambazo hukuzitumia, ondoa alama kwenye "Exclude Unused Clips". Bonyeza "Calculate" uone ukubwa kabla hujaanza.

Kwenye After Effects amri iko "File", "Dependencies", "Collect Files". Kama mradi wa Premiere una sehemu zilizounganishwa moja kwa moja na After Effects, kusanya mradi wa After Effects kivyake, usitegemee Premiere ikufanyie. Illustrator na InDesign zina "Package", Ableton ina "Collect All and Save", FL Studio ina "Zipped loop package" chini ya "Export", na Blender ina "Pack Resources" chini ya "External Data".

Kwa DaVinci Resolve, fungua dirisha la miradi, bofya mradi kwa kitufe cha kulia. "Export Project" hutoa faili dogo la .drp lenye uhariri peke yake. "Export Project Archive" hutoa kifurushi cha .dra chenye uhariri pamoja na klipu. Toa .drp kila siku, na .dra kazi ikiisha.

Viko vitu ambavyo amri hizi hazivikusanyi. Fonti kwenye Premiere ni kimoja. Zinakili kwa mkono kwenye folda ya Fonti, ama sivyo majina ya bwana na bibi harusi yatatokea kwa maandishi usiyoyatambua. Programu-jalizi (plugins), yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya programu kuu, ni kingine, na hili linawahusu zaidi watayarishaji wa muziki. Mradi wa FL Studio uliojaa vinanda vya kununua hautalia sawasawa kwenye kompyuta isiyokuwa navyo, hata ukiufungasha vizuri namna gani. Kwa sababu hiyo, kila wimbo uliokamilika toa kila chombo na kila sauti kama faili lake la WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri. Mafaili hayo yatafunguka kwenye programu yoyote ya muziki miaka mingi ijayo, na kwa maoni yangu ndiyo nakala ya thamani kuliko zote ambazo studio inaweza kutunza.

Hatua ya 6: Weka nakala tatu, na moja iondoke nyumbani

Kanuni ni nakala tatu za kazi, kwenye vyombo viwili tofauti au zaidi, moja ikiwa jengo jingine. Nakala ya kwanza ni ile unayoifanyia kazi.

Chombo tofauti maana yake ni diski tofauti kwa mwili. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka nakala mbili kwenye D na E nikiamini ni diski mbili, kumbe vilikuwa vipande viwili vya diski moja. Ilipokufa, zilikwenda zote, pamoja na picha za kipaimara ambazo hazikuweza kupigwa tena.

Jengo jingine nalo lina sababu yake katika jiji hili. Moto ulioliunguza soko la Kariakoo Julai 2021 haukuchagua cha kuacha, na kila masika wakazi wa bonde la Msimbazi hutazama maji wakihofia yataishia wapi. Diski mbili kwenye droo moja hupatwa na jambo moja. Ikiwa studio iko Sinza, moja ikae kwa dada au mjomba Kigamboni, ndani ya chombo kinachofunga vizuri chenye vifuko vya kukausha unyevu, kwa maana hewa ya pwani haina huruma na vyuma. Zibadilishane kila wiki.

Wengi huuliza kwa nini tusipandishe kila kitu mtandaoni. Fanya hesabu. Video ya 4K iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takriban GB 45 kwa saa. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika, saa moja hiyo ya video itachukua saa 10 kupanda, na sherehe ya kamera mbili hurekodiwa kwa saa nyingi. Kwa hiyo gawa mzigo: klipu zibaki kwenye diski mbili, na mtandaoni upandishe kila jioni vile vidogo visivyorudiwa, yaani mafaili ya mradi, fonti, nembo na mafaili ya Photoshop. GB 15 zitakutosha kwa muda mrefu.

Hata hivyo, folda inayojioanisha na mtandao isihesabiwe kuwa nakala ya akiba peke yake. Ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutwa na huko pia. Google Drive hulitunza kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha huliondoa kabisa.

Unaponakili klipu kutoka kwenye kadi, usiifute kadi mpaka zifike diski mbili. Wanaotumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, watumie swichi ya /E, inayonakili folda pamoja na folda ndogo zake zote. Swichi ya /MIR ni ya hatari kwa asiyeizoea, kwa kuwa hufuta upande wa pili kila ambacho hakipo upande wa kwanza. Ukikosea kuzipanga njia mbili, unafuta nakala nzima. Baada ya kunakili, fungua "Properties" za folda zote mbili na ulinganishe idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti. Namba zikipishana, rudia. Kisha toa diski kwa utaratibu kabla ya kuichomoa.

Hatua ya 7: Jaribu nakala yako kwenye kompyuta nyingine

Chukua diski ya nakala, ichomeke kwenye kompyuta ya pili, na ufungue mradi. Toleo la programu huko lisiwe la zamani kuliko lako, maana mradi wa Premiere uliotengenezwa na toleo jipya kwa kawaida haufunguki kwenye la zamani.

Kama huna kompyuta ya pili, ijaribu hapo hapo, lakini kwanza chomoa diski ya asili au ubadilishe jina la folda ya asili. Usipofanya hivyo programu itazipata klipu kule zilikozoea, kila kitu kitaonekana sawa, na utaondoka umeridhika na nakala ambayo haijaguswa kabisa.

Pitia mradi mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Umefaulu ikiwa hakuna klipu nyekundu, hakuna onyo la fonti iliyokosekana, muziki unasikika kila mahali ulipouweka, na dakika moja ya kazi inatoka kama video kamili. Andika tarehe ya jaribio kwenye daftari, pamoja na jina la diski na mahali inapolala.

Ukikuta tayari umekwama

Skrini nyekundu haimaanishi kwamba klipu zimekufa. Kwenye Premiere, dirisha la "Link Media" litakuonyesha jina la kila klipu na mahali ilipokuwa. Chagua klipu moja, bonyeza "Locate", uielekeze folda mpya, na uache alama kwenye chaguo la kuunganisha nyingine zenyewe. Ikiwa hukubadilisha majina wala mpangilio wa folda ndogo, zilizobaki zitarudi kwa pamoja.

Faili la mradi likigoma kufunguka, usifungue matoleo ya Auto-Save pale yalipo. Nakili folda hiyo yote mahali pengine kwanza, kisha jaribu toleo moja moja kuanzia la karibuni.

Na ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga, au inapotea na kurudi, ichomoe mara moja. Usiiandae upya, usiendeshe programu ya kuirekebisha, usiendelee kuiwasha ili uone kama leo itakubali. Kila dakika inapozunguka inaweza kuzidisha uharibifu, na mtaalamu wa kuokoa data ana nafasi kubwa zaidi akipokea diski iliyozimwa mapema.